Uhakiki wa Mti Mmoja wa Kubebeshwa

Kwa muda wote niliofundisha walimu wanafunzi namna ya kuhakiki kazi ya sanaa, niliwataka waanze na maswali mawili. La kwanza: kazi hii inakusudia kufanya nini? La pili: je, imefanya? Hukumu juu ya kama jambo lenyewe lilistahili kufanywa tuliiacha ije mwisho, kwa sababu mhakiki anayeanza na hukumu hiyo aghalabu haisomi kazi iliyo mbele yake bali hujisoma mwenyewe. Maneno hayo niliyaandika ubaoni mwaka baada ya mwaka. Sikudhani kwamba uzeeni ningeshindwa kuyafuata, tena mbele ya mti usiozidi urefu wa mkono wangu kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole, uliopandwa ndani ya bakuli.

Mti wenyewe uko Uingereza, nyumbani kwa binti yangu, ambako nilikaa kuanzia Aprili hadi Septemba mwaka 2019. Ni mepo ya Kijapani. Wataalamu wa mimea huiita Acer palmatum, na jina hilo la pili linatokana na kiganja cha mkono, maana jani lake lina ncha tano au saba zilizochanua mithili ya vidole. Wajapani huuita momiji au kaede, na jina hili la kaede huelezwa kuwa limetokana na maneno yenye maana ya mkono wa chura. Nilipoelezwa hivyo nilicheka, kisha nikalitazama jani tena. Sisi tuliokulia kando ya ziwa tunazijua sana nyayo za chura, na kwa hakika aliyetoa jina hilo alikuwa na macho.

Ufundi wa kukuza mti namna hiyo huitwa bonsai. Bon ni chombo kipana kisicho na kina, na sai ni kupanda. Chimbuko lake ni China, lakini Wajapani ndio walioulea hadi ukawa sanaa yenye kanuni zake, walimu wake na maonyesho yake. Baada ya tetemeko kubwa la ardhi lililoharibu Tokyo mwaka 1923, baadhi ya wakulima wa miti hiyo walihama mjini wakatafuta udongo mzuri na maji safi, na mwaka 1925 wakaanzisha kijiji chao huko Omiya. Kijiji hicho kipo hadi leo. Nalitaja hili ili msomaji asidhani nazungumzia mchezo wa watu wasio na kazi. Watu waliopoteza nyumba zao waliibeba miti hiyo na kwenda kuanza maisha upya pamoja nayo.

Sasa tulijibu swali la kwanza. Bonsai inakusudia nini? Inakusudia mti mdogo utupe picha ya mti mkubwa na mzee, uliopigwa na upepo na jua kwa miaka mingi. Si mbegu ya kibeti, wala hakuna dawa ya kuudumaza. Mepo ile ile ikipandwa ardhini itakua mita kadhaa. Udogo wake watokana na chombo, na kupunguzwa kwa mizizi, na mkasi, na zaidi ya yote kutokana na mtu anayeutazama kila siku.

Kazi ya mwaka mzima nilielezwa na binti yangu, na sehemu yake niliifanya kwa mikono yangu. Mwishoni mwa baridi, macho ya mti yanapoanza kuvimba kabla ya kufunguka, ndipo unapotolewa chomboni, mizizi ikachanuliwa kwa kijiti na kupunguzwa, ukarudishwa katika udongo mpya wenye chembe ngumu zinazopitisha maji haraka. Majira ya machipuko hutoka vichipukizi virefu vyenye haraka. Kila kimoja kikishafungua majani mawili ya kwanza, ncha laini iliyo katikati hufinywa kwa kucha, la sivyo mapingili yatarefuka na picha ya mti mkubwa itapotea. Tawi linalotakiwa kupinda huzungushiwa waya, lakini gome la mepo ni laini kama ngozi ya mtoto, kwa hiyo waya hukaguliwa kila wiki na kukatwa kabla haujauma. Kukata tawi nene machipuko yanapoanza ni kosa, kwani mti hutoa maji kama mtu anayevuja damu. Kazi hiyo hungoja kiangazi kikolee au majani yapukutike. Jua kali la mchana na upepo mkavu huunguza kingo za majani. Na baridi mti huihitaji, lakini mizizi iliyo ndani ya bakuli hukingwa isigande.

Hilo la baridi ndilo lililonikata tamaa. Nilitaka nirudi na mche mmoja Buhare. Binti yangu alikataa. "Baba," aliniambia, "mti huu hulala. Kwetu Musoma atalala lini?" Alisema kweli. Sisi tuna vuli na masika, hatuna majira yanayouamuru mti upumzike. Mepo ingechipua na kuchipua mpaka ikachoka ikafa.

Swali la pili ndilo lililoleta ugomvi.

Mti wa binti yangu ni wa aina iitwayo Shishigashira, yaani kichwa cha simba, kwa sababu majani yake ni ya kijani iliyokolea, yamejikunja na kusongamana kama manyoya ya simba wa vinyago vya Kijapani. Ni aina ikuayo polepole yenye mapingili mafupi, ndiyo maana wapenzi wa bonsai huitafuta. Lakini mbegu yake ikipandwa haifuati mama. Kwa hiyo wakulima wa vitalu huchukua kikonyo cha Shishigashira na kukibebesha juu ya mche wa mepo ya kawaida, yenye nguvu, iliyooteshwa kwa mbegu. Msomaji wa Mara hahitaji kufundishwa jambo hilo. Ndivyo tunavyobebesha miembe ya kisasa juu ya mche uliotoka katika kokwa la embe la kienyeji, na ndivyo wakulima wa Muheza wanavyobebesha michungwa juu ya milimao. Kisu kikali, mikato miwili inayokubaliana, ngozi ya kijani iliyo chini ya gome igusane na mwenzake, kisha ukanda wa plastiki na subira.

Tatizo ni kwamba pale vilipoungana hubaki kovu. Katika mti wa binti yangu kovu lilikuwa kiasi cha vidole vitatu juu ya udongo. Chini yake shina lilikuwa nene, lenye gome la kijivu lililonyooka. Juu yake lilikuwa jembamba, lenye rangi nyingine na mikunjo mingine. Katikati palivimba mfano wa goti lenye maradhi. Mzee wa juu na mzee wa chini hawakuwa mzee mmoja.

Nilikaa barazani na karatasi na kuuhakiki mti ule kama nilivyozoea. Nilizigawa alama mia katika mafungu matano ya ishirini ishirini. Mizizi ya juu, inayopaswa kusambaa pande zote na kuushika udongo kama vidole, nikaipa 14. Matawi nikayapa 13. Moja lilitoka upande wa ndani wa pindo la shina, mahali ambapo katika mti mkubwa kivuli kingekwisha kuliua zamani, na lilipaswa kuondolewa. Waya nao ulikuwa umelifuata tawi la kushoto kwa mapindo yanayofanana mno, mithili ya nyoka wa kuchorwa. Majani nikayapa 17, maana yalikuwa madogo na yenye afya. Chombo, cha udongo wa kuchoma usio na rangi, nikakipa 16. Shina nikalipa 4. Jumla ikawa 64. Chini ya karatasi nikaandika: "Kazi nzuri, lakini msingi wake una kasoro isiyosahihishika."

Binti yangu aliisoma karatasi ile akacheka. "Baba, hata mti unausahihisha kwa kalamu nyekundu?"

"Sanaa ni sanaa, mama," nilimjibu. "Lengo la kazi hii ni kunishawishi kwamba naona mti mmoja mzee. Macho yangu yakifika pale kwenye goti yanakataa."

Sikukosea katika hilo, na hata sasa sioni sababu ya kulifuta. Wajuzi wa bonsai wenyewe husema hivyo hivyo. Mepo ya kubebeshwa huthaminiwa chini kwa sababu ya kovu, na tofauti hiyo huweza kuzidi kadiri miaka inavyopita, iwapo shina la chini linanenepa kwa kasi isiyolingana na ya juu. Wana tiba zao. Kovu likiwa chini sana, mti huzamishwa kidogo chomboni, udongo ukalifunika. Likiwa juu, hufanywa jambo la ujasiri zaidi. Majani yakishakomaa mwishoni mwa machipuko, gome lililo juu kidogo ya kovu huondolewa kama pete kulizunguka shina, mahali hapo pakafungwa kwa kuvumwani iliyoloweshwa na plastiki, na baada ya miezi miwili mitatu mizizi mipya hutoka hapo hapo hewani. Ikishakuwa mingi, shina hukatwa chini yake. Mti huanza maisha juu ya mizizi yake wenyewe, na shina la chini lililoubeba miaka yote hiyo hutupwa au hutunzwa kwa kazi nyingine.

Nilimshauri afanye hivyo. Nilisema, nakumbuka vizuri, kwamba mti wa heshima husimama kwa mizizi yake.

Binti yangu alitaka kujua faida ikiwa mti utadhoofika. Baadhi ya aina hizi, alisema, zikiwekwa juu ya mizizi yake hazina nguvu ya zile zilizobebeshwa; ndiyo moja ya sababu za kuzibebesha. "Na hili la chini," akaligusa kwa kidole, "ndilo lililoulisha. Wewe unaliona goti tu." Hakukata. Aliugeuza mti robo duara ili upande wenye uvimbe mdogo zaidi uwe ndio wa mbele, akaliondoa lile tawi la ndani nililolilalamikia kiangazi kilipokolea, basi. Mimi nikarudi nyumbani mwezi Septemba nikiwa na hakika kwamba nimehakiki sawasawa, na kwamba msanii amemdharau mhakiki, jambo ambalo si geni duniani.

Nyumbani nilianza kulea mti wangu. Miamba ya Musoma kila mtu aliyefika ameiona, yale majabali ya mawe yaliyobebana hadi ufukweni mwa ziwa. Katika nyufa zake humea miti ya jamii ya mikuyu ambayo ndege wameidondosha mbegu zake. Mizizi yake hutambaa juu ya jiwe tupu, ikalikumbatia na kushuka hata mita kadhaa kutafuta udongo. Wajapani wana mtindo mzima wa bonsai unaoiga hali hiyo, wa mizizi juu ya jiwe, nao huufanya kwa miaka mingi kwa kamba na udongo. Kwetu hufanywa bure, na mbuzi hujisugua hapo. Niling'oa mche mmoja uliokuwa unapasua ukuta wa choo cha zamani, nikaupanda katika karai lililotobolewa. Mkuyu ni mwanafunzi mvumilivu. Ukiukata hutoa utomvu mweupe, kisha hujifunga wenyewe na kuchipua. Hauhitaji kulala. Hata hivyo nililikosea tawi lake la kwanza. Nililifunga waya wakati wa vuli, nikasafiri kwenda msibani, nikakawia wiki tano. Niliporudi, mvua ilikuwa imelinenepesha tawi na waya umezama ndani ya gome. Nilipoukata ulibakia mfereji unaozunguka kama mshono. Upo mpaka leo.

Nilipolitazama kovu hilo nililolitia mwenyewe, nilianza kuufikiria tena ule mti wa Uingereza. Nilijiuliza swali ambalo mhakiki wa kweli angelianza nalo: kovu hili ni la nani? La mkuyu si la mkuyu. Ni langu. Nalo goti la mepo si la mepo. Ni la mkulima wa kitalu aliyebebesha vidole vitatu juu ya udongo kwa kuwa alikuwa anauza miche ya bustani, wala hakuwa na habari za bonsai. Angeshuka hadi shingo ya mizizi, na akachagua shina la chini linalolingana na kikonyo kwa unene na mwendo, leo pangehitajika jicho kali kupaona. Kosa ni la mkono na la haraka. Si la kubebesha kwenyewe.

Tena nikakumbuka kwamba hata Wajapani hawana msimamo mmoja juu ya hili. Msonobari mweupe, ambao ni miongoni mwa miti yao ya heshima, mara nyingi huwa umebebeshwa juu ya msonobari mweusi wenye nguvu zaidi. Chini gome nene lililopasuka, juu gome laini. Hakuna anayesema msonobari huo hauna msingi. Wapo hata wanaolipenda gome lile gumu la chini kwa sababu linauonyesha mti kuwa mzee. Kumbe macho yaliyokataa mepo yanaikubali misonobari. Kwa hiyo si macho tu yanayohukumu, ni mazoea pia.

Hapo ndipo uhakiki wangu ulipoacha kuwa wa miti.

Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo The Winter's Tale, iliyoandikwa yapata mwaka 1610 au 1611, kuna msichana aliyelelewa na mchungaji wa kondoo. Anakataa kupanda maua fulani yenye mistari kwa kuwa rangi zake, asemavyo, zimetokana pia na ufundi wa mtu na si maumbile peke yake. Mfalme Polixenes, aliyejibadilisha mavazi, anamsahihisha kwa hoja nzuri sana: kukiunganisha kikonyo cha kiungwana na shina la mwituni ni ufundi unaoyarekebisha maumbile, nao ufundi huo wenyewe umezaliwa na maumbile. Muda mfupi baadaye mwanawe anataka kumwoa msichana huyo huyo, na mfalme anafura kwa hasira na kutoa vitisho vya kutisha, kwa sababu binti wa mchungaji hawezi kuunganishwa na ukoo wa kifalme. Alilolikubali bustanini alilikataa nyumbani kwake. Niliwahi kulifundisha onyesho hilo. Niliwaonyesha wanafunzi kejeli yake, tukacheka pamoja. Sikujua kuwa nimo ndani yake.

Mwezi Novemba mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa Musoma na kutoa azimio lililoitwa kwa jina la mji wetu. Kila mtoto aliyefikia umri wa shule apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977, badala ya kungoja mwaka 1989 kama ilivyopangwa awali. Watoto walikuwepo, walimu hawakuwepo. Ndipo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, makumi ya maelfu nchi nzima, wakafundishwa ualimu huko huko vijijini. Walifundisha sehemu ya siku, na sehemu nyingine walijifunza kwa masomo ya posta, kwa redio na kwa mwalimu wa kuwasimamia, kisha wakaja vyuoni kwa wiki chache. Watu waliwaita walimu wa UPE, na baada ya muda jina hilo likawa tusi. Mimi nilikuwa mkufunzi kijana. Asubuhi niliwapeleka wanafunzi wa chuo katika shamba letu la Elimu ya Kujitegemea nikiwafundisha kubebesha michungwa, nikiwaeleza jinsi shina la kienyeji linavyokipa nguvu kikonyo. Mchana nilikaa na wakufunzi wenzangu tukisema kwamba hawa wa UPE si walimu hasa.

Miaka ilipita nikawa mkuu wa chuo. Mwaka 1994 nilitakiwa kupendekeza walimu wachache wa shule za msingi ambao wangeendelezwa ili waje kufundisha mbinu za somo la hesabu chuoni. Nilizunguka kuwaona darasani. Mmoja wao, mwanamke aliyeanza kama mwalimu wa UPE, alikuwa akifundisha darasa la pili kutoa kwa kukopa. Kila mtoto alikuwa na vijiti, kumi kumi vimefungwa kwa uzi wa katani. Mtoto akitakiwa kutoa saba katika thelathini na mbili na vijiti vya peke yake havitoshi, aliufungua mmoja wa mafungu, vikawa kumi na viwili, akaendelea. Hakuna aliyeambiwa "kopa moja" kama sisi tulivyoimbishwa. Walikuwa wanaona kinachokopwa na mahali kinapotoka. Nilikuwa nimewafundisha walimu hesabu kwa miaka mingi, na siku ile ndiyo nilipoona kukopa kunafundishwa vizuri.

Katika fomu niliandika kwamba somo lilikuwa bora. Kisha nikaandika sentensi nyingine: "Hata hivyo, msingi wake ni wa UPE." Hakuchukuliwa. Alichukuliwa mwingine, aliyesoma chuoni miaka miwili kamili, mtu mwema, ambaye somo lake silikumbuki.

Msomaji ataona sasa kwa nini maneno niliyoandika chini ya karatasi ya mti yalinirudia usiku. Msingi wake una kasoro. Nimetumia kalamu moja mara mbili.

Nisije nikageuza makala hii kuwa ya kujipiga kifua, kwa kuwa toba isiyopima ni mbaya sawa na hukumu isiyopima. Mpango ule wa walimu ulikuwa na kovu la kweli. Kubebesha kulifanywa kwa haraka, vitabu vilikuwa vichache, wasimamizi walikuwa wachache zaidi, na wapo watoto walioumia kwa sababu hiyo. Anayesema hapakuwa na kovu anadanganya, kama angedanganya anayesema mti wa binti yangu hauna goti. Lakini kosa la mkono uliobebesha nililiandika katika jina la kikonyo. Na pili, nilipima mahali pa kuungana nikaacha kupima kilichokuwa kikipita mahali hapo. Majani ya Shishigashira niliyapa 17 katika ishirini. Niliyasifu, bila kujiuliza maji yake yamepitia wapi. Yalipita katika lile goti, yote, kila siku. Vijiti vilivyofungwa kwa katani navyo nilivisifu.

Mwaka jana nilikwenda kumwona mwalimu yule. Amestaafu, anaishi si mbali na hapa Buhare. Alinipokea kwa "Shikamoo, Mkuu," akaniletea kiti chini ya mwembe. Nilimweleza nilichokuja kusema. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo.

"Mkuu, fomu ile niliiona," alisema. "Aliyekuwa mwalimu wangu mkuu alinionyesha."

Nilimuuliza kwa nini hakuja kulalamika.

"Ningekuja kusema nini? Ulichoandika kilikuwa kweli. Mimi ni wa UPE." Halafu akasema, bila uchungu nilioweza kuusikia, "Watoto hawakuiona."

Sina namna ya kuisahihisha fomu hiyo. Karatasi ya mti nimeisahihisha. Shina nimelipa 10 badala ya 4, na nimpe msomaji hesabu yangu. Alama kumi nimeziacha zimepotea, kwa kuwa macho bado yanajikwaa pale penye goti na lengo la sanaa hii ni macho yasijikwae. Alama sita nilizorudisha si za huruma. Ni za unene mzuri wa shina la chini, ambao nilikuwa sijautazama kabisa, na za jinsi linavyopungua taratibu toka juu ya kovu hadi kileleni. Jumla sasa ni 70. Ile sentensi ya mwisho nimeifuta, nikaandika: "Kovu lipo vidole vitatu juu ya udongo. Lilitiwa kitaluni. Mti unaishi kwalo." Nilimsomea binti yangu kwa simu. Akaniambia sitini na nne au sabini, mti haujui. Akasema pia kwamba lile tawi la kushoto lenye mapindo ya nyoka amelikata, maana hapo nilikuwa nimesema kweli.

Kwa mwalimu kijana atakayekisoma kitabu hiki nina neno moja la kikazi. Utapewa fomu nyingi za kujaza juu ya watu. Ukikuta kovu, liandike, usilifiche, maana mhakiki anayeficha hana faida. Lakini andika na mahali lilipo, na aliyelitia kama unamjua, na kinachopita ndani yake. Nafasi isipotosha, geuza karatasi uandike upande wa pili.